Lori la Waya na Mtoto wa Gunzi

Wazee wetu walisema: samaki mkunje angali mbichi. Sisi walimu tumezoea kuitumia methali hii tunapozungumzia nidhamu na masomo. Ni mara chache tunaikumbuka tunapomwona mtoto amekaa chini ya mti, mikono imejaa udongo, akicheza. Mchezo wake tunauhesabu kuwa kitu cha kupitishia wakati mpaka atakapofikia umri wa kufanya jambo la maana. Nia ya insha hii ni kueleza, kwa mambo niliyoyaona mwenyewe katika mji wa Singida, kwamba mtoto hukunjwa mapema zaidi kuliko tunavyodhani, na kwamba mikono inayomkunja si ya mzazi na mwalimu peke yao. Kichezeo humkunja. Redio humkunja. Picha iliyo kitabuni na ile iliyo ukutani humkunja pia. Vyote hivyo humwambia jambo moja kabla ya mengine: wewe ni wa kiume, au wewe ni wa kike, basi tazamia hiki, wala usitazamie kile.

Fikira hizi zilinijia hivi karibuni nilipokwenda sokoni kuwanunulia wajukuu wangu zawadi. Kijana mwenye duka alinipokea kwa heshima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta vichezeo vya watoto wawili."

"Wa kike au wa kiume?"

Hakuniuliza umri wao, wala wanapenda nini, wala nina fedha kiasi gani. Nilimjibu kwamba mmoja ni wa kiume na mwingine wa kike. Mara akaweka mbele yangu mafungu mawili. Katika fungu la kwanza kulikuwa na magari ya plastiki yanayokwenda kwa betri, bunduki na mipira. Katika fungu la pili kulikuwa na wanasesere wenye nywele za rangi ya dhahabu, na masufuria madogo na vikombe vidogo vilivyopangwa ndani ya boksi. Nami nilichukua gari kwa ajili ya mvulana, na mwanasesere na vyombo kwa ajili ya msichana, nikalipa, nikaenda zangu. Nilikuwa nimekwisha kufika ng'ambo ya pili ya soko nilipojiona nimefanya jambo lile lile ambalo, miaka hamsini iliyopita, liliigawa nyumba yetu katika mafungu mawili. Kisa chenyewe ndicho nitakachosimulia.

Nilizaliwa mwaka 1963, mwaka ule ule Mkoa wa Singida ulipoanzishwa. Nyumba yetu ilikuwa tembe la udongo pembezoni mwa mji, mahali ambapo uliweza kuyaona maji ya Ziwa Kindai yaking'aa nyuma ya mawe makubwa. Maji ya ziwa lile yana chumvi, hayanyweki; lakini udongo wa mabondeni ulitufaa sana sisi watoto. Wavulana tuliufinyanga ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na zizi lake la vijiti, na ndani yake madume, mitamba na ndama. Tulibadilishana, tulikopeshana, tuliibiana usiku, tukashitakiana asubuhi mbele ya wazee ambao nao walikuwa watoto kama sisi. Wasichana waliufinyanga udongo ule ule vyungu na mafiga. Watoto wao walikuwa magunzi ya mahindi waliyovishwa vipande vya kanga kuukuu na kubebwa mgongoni.

Mtu asiyeijua nchi ya Wanyaturu anaweza kudhani kwamba ng'ombe wetu wale walikuwa mchezo mtupu. La hasha. Ng'ombe ndio walikuwa mali, ndio walikuwa heshima, na ndio walioanzisha ndoa. Mvulana aliyefinyanga zizi alikuwa anajifunza kuhesabu ng'ombe. Msichana aliyebeba gunzi alikuwa anajifunza kwamba yeye atahesabiwa kwa ng'ombe. Hakuna mtu mzima aliyetuketisha chini akatufundisha hayo. Udongo ulitosha.

Halafu yakaja malori. Yalipita mjini kwetu yakielekea Nzega na Mwanza, au Babati na Arusha, yakiacha nyuma vumbi lililokaa hewani muda mrefu kuliko ngurumo yake. Dereva alipoteremka kunywa chai, tulimzunguka kama nzi. Alikuwa na saa mkononi, alikuwa na viatu vya ngozi, na alikuwa amelala jana katika mji ambao sisi tuliusikia katika somo la jiografia tu. Katika muda usiozidi miaka miwili hivi wavulana wa mtaa wetu tuliyaacha mazizi ya udongo, tukaanza kutengeneza malori ya waya. Chasisi ilikuwa ya waya mnene. Bodi ilikuwa kopo la mafuta lililopasuliwa. Magurudumu yalikatwa katika soli za kandambili zilizokwisha. Usukani ulikuwa duara la waya juu ya fito ndefu iliyopanda mpaka kifuani, ili dereva aliendeshe lori lake akiwa anatembea wima, kama mtu mzima.

Hapa namwomba msomaji atazame jambo moja ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuliona. Ndoto ya mvulana ilikuwa imehama, kutoka zizini hadi barabarani. Dunia ilikuwa imebadilika, na kichezeo chake kikabadilika nayo. Msichana alibaki na gunzi lake. Lori lilipita mbele ya macho yake kama lilivyopita mbele ya macho yetu, na vumbi lake alilila kama sisi. Lakini hakuna aliyewaza kwamba lori lile lingekuwa na neno lolote la kumwambia yeye.

Kitu cha pili kilichotukunja kilikuwa redio. Baba alinunua redio ya betri, akaiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa kilichofumwa na mama. Jioni watu wa nyumba nne au tano walikuja kuisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam. Nguvu yake niliishuhudia mwaka 1973, katika ile kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowashirikisha watu wapatao milioni 2 nchini, wakisikiliza katika vikundi na kisha kutenda. Baba yangu, ambaye mama alikuwa amemwomba choo kwa miaka, alisikiliza vipindi vichache, akachukua jembe na sururu, akachimba. Alikataa kuambiwa na mkewe, akakubali kuambiwa na redio. Tangu siku ile nilijua kwamba sauti inayotoka ndani ya sanduku lile inaweza kumwinua mwanamume kitini.

Mwaka uliofuata redio ilituinua sisi watoto. Tarehe 2 Februari, 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliwashinda wakimbiaji wa mataifa mengine katika mbio za mita 1,500, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Jina lake lilitangazwa na kurudiwa hata likawa letu. Kila mvulana aliyetumwa dukani alikwenda mbio, na kila aliyekwenda mbio alikuwa Bayi. Nakumbuka dada yangu, aliyenizidi miaka miwili na aliyeweza kuniacha nyuma wakati wowote alipotaka, aliuliza siku moja kwa nini katika mchezo wetu hapakuwa na mtu wa kike wa kuigwa. Tukamcheka. Tulimwambia kwamba wanawake hawaletei nchi medali.

Tulikosea, nalo kosa lilikuwa la kutojua. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville, Theresia Dismas alikuwa amepata medali ya fedha ya kurusha mkuki. Anatajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kuiletea nchi yetu medali ya kimataifa. Watoto wa Kinyaturu, ambao tuliuona mkuki mikononi mwa baba na babu peke yao, tungestaajabu sana kuisikia habari hiyo. Mimi niliisoma nikiwa mwalimu mwenye mvi. Simlaumu mtu fulani. Nasema tu kwamba ushindi ukitokea bila kusimuliwa, kwa mtoto haukutokea. Dada yangu aliuliza swali lenye jibu, na jibu lilikuwapo tangu miaka tisa nyuma, lakini halikuwa limefika Singida.

Sasa nifikie lori lenyewe. Malori yetu yote yalikuwa na kasoro moja: ekseli ya mbele haikugeuka. Ulipofika kwenye kona ulilazimika kuliinua lori na kuliweka upya. Dada yangu, ambaye hakuruhusiwa kuendesha, alikuwa akitutazama huku akisuka kikapu na mama. Jioni moja alichukua waya wangu, akakaa nyuma ya zizi. Alitengeneza pete mbili, moja kubwa na nyingine ndogo ya kuingia ndani yake. Akazifunga kwa waya mwembamba kama ukingo wa kikapu unavyoshikana na mfuniko, zisiachane wala zisikabane. Ekseli ya mbele akaiweka kwenye pete ya ndani, na fito ya usukani akaiunganisha nayo. Alipozungusha usukani, magurudumu ya mbele yaligeuka kulia. Akazungusha tena, yakageuka kushoto. Hatukuwahi kuona lori la namna ile. Alikuwa ameuchukua ufundi wa kikapu, ambao tuliuita kazi ya wanawake, akauingiza katika lori, ambalo tuliliita mali ya wavulana.

Mwishoni mwa mwaka 1974 shule yetu ilifanya maonyesho ya kazi za mikono. Tuliagizwa kwamba wavulana walete vitu vya ufundi, na wasichana walete vitambaa vya kudarizi na mapishi. Mimi sikuwa na kitu. Dada alikuwa na lori, lakini agizo halikumpa mahali pa kuliweka. Nilimwomba, naye akanipa. Siku ya maonyesho alisimama upande wa pili wa darasa, mbele ya kitambaa chenye maua mekundu alichokidarizi bila kupenda, na mimi nikasimama mbele ya lori lake.

Mgeni wa heshima alilipenda. Alilisukuma mwenyewe kutoka ubaoni mpaka mlangoni na kurudi. Kisha akaniuliza mbele ya wote: magurudumu yanageukaje? Nilijibu kwamba yanageuka kwa sababu ya mpira. Sikujua. Yeye hakuchunguza. Alinishika begani, akawaeleza wazazi kwamba mwaka uliotangulia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefungua Kitivo cha Uhandisi, na kwamba kijana huyu, Mungu akipenda, atafika huko. Nikapewa daftari kubwa na kalamu ya wino. Watu walipiga makofi. Baba alikuwa amekaa safu ya nyuma, nami nilimwona akivua kofia. Nilitazama upande wa dada. Alikuwa akikinyoosha kitambaa chake kana kwamba kimekunjamana.

Ningeweza kusema wakati ule. Sentensi moja ingetosha. Sikusema.

Mwaka 1975 dada alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuingia sekondari. Katika siku zile waliochaguliwa walikuwa wachache sana, wake kwa waume. Kwa hiyo hilo halikuwa jambo la ajabu. Baba alisema ni bahati mbaya, mazungumzo yakaishia hapo. Katika mwaka huo huo redio ilitangaza kwamba wanawake wawili, Julie Manning na Tabitha Siwale, wameteuliwa kuwa mawaziri. Wadogo zetu wa kike waliisikia habari hiyo, na kwa siku kadhaa walicheza uwaziri chini ya mti: magunzi yaliwekwa chini, wakapanga mawe kuwa viti, wakafungua mkutano. Nilijionea kwamba tangazo moja la dakika mbili lilifanya kazi ambayo kichezeo hakikuwa kimeifanya kwa vizazi. Kwa dada yangu, hata hivyo, lilikuwa limechelewa. Yeye alikuwa amekaa kando, akipepeta mtama.

Mwaka 1977 zamu yangu ilifika, na mimi pia sikuchaguliwa. Safari hii baba hakusema kwamba ni bahati mbaya. Alikwenda zizini, akatoa ng'ombe wawili, akawauza, akanipeleka katika shule ya kulipia. Shangazi alipomuuliza kwa nini anauza mali kwa ajili ya mtoto aliyeshindwa mtihani, alijibu: "Huyu ndiye aliyeunda lile lori. Hawezi kuachwa." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Dada alikuwa ndani, anasikia. Mwaka uliofuata aliolewa.

Msomaji ataona kwamba katika kisa hiki hakuna mtu aliyetamka kuwa msichana asisome. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda watoto wake wote. Mwalimu wetu alitoa agizo la maonyesho kama lilivyotolewa miaka yote. Kila mmoja alifanya lililokuwa la kawaida, na ukawaida huo ndio uliomnyima mtoto mmoja jina la kazi ya mikono yake, ukampa mwingine. Mila inayotamkwa inaweza kujibiwa. Mila iliyofichwa ndani ya fungu la vitambaa na fungu la malori haina wa kumjibu.

Uhandisi sikuufikia, hesabu ziliniangusha mapema, nikawa mwalimu wa Kiswahili. Katika kazi hiyo nimeona vyombo vya habari vikiongezeka na kubadilika. Katika muongo wa 1990 watu walikusanyika kusikiliza mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993. Matangazo ya kituo cha Dodoma yaliachwa bila mchezo huo mpaka mwaka 1995, ili watafiti walinganishe mahali uliposikika na mahali usiposikika. Mhusika wake mashuhuri, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori: yule yule ambaye sisi tulimwona kuwa kilele cha uanaume alipoteremka kunywa chai. Sasa alisimuliwa kuwa mtu mwenye wanawake kila kituo, anayejitafutia maradhi. Mkewe, Tunu, aliamua kusimama kwa miguu yake na kuanza biashara yake. Mjini kwetu, penye barabara ya malori, mchezo ule ulizungumzwa sana. Nilifurahi kwamba redio ilikuwa imeigeuza picha ya zamani. Hata hivyo niliwauliza wanafunzi wangu: je, ni lazima mwanamke aumizwe kwanza na mume ndipo aonekane akifanya kazi yake mwenyewe? Walikaa kimya, halafu msichana mmoja akasema, "Mwalimu, bila kuumizwa asingekuwa na hadithi." Jibu lile sijalisahau.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, haikutufikia mara moja. Tulitanguliwa na vibanda vya video. Wavulana walijazana humo jioni kutazama mapigano; wasichana hawakuonekana, maana msichana wa kibandani alihesabiwa kuwa amepotea. Baadaye televisheni iliingia majumbani, na wasichana wakapata tamthilia za Mexico na Ufilipino. Hivyo yalitokea tena mafungu mawili. Mvulana aliambiwa kwamba kufaulu ni kuwa na misuli, bunduki au gari. Msichana aliambiwa kwamba kufaulu ni kupendwa na mwenye gari. Leo picha hizo ziko ndani ya simu, zinaingia hata chini ya shuka. Lakini ukizitazama vizuri utayaona mafungu yale yale ya sokoni.

Wakati mmoja niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili zoezi: waandike matangazo ya biashara waliyoyasikia kwa wiki nzima, waonyeshe anayezungumza ni mwanamume au mwanamke, na anauza nini. Orodha ya sauti za kike ilijaa sabuni, mafuta ya kupikia na dawa za watoto. Orodha ya sauti za kiume ilijaa saruji, betri na matairi. Hakuna aliyewaambia wanafunzi wale cha kufikiri. Waliitazama orodha ubaoni, wakaanza kubishana wenyewe. Zoezi hilo halihitaji fedha wala kitabu, nami nawapendekezea walimu wenzangu.

Wala tusidhani kwamba hili ni tatizo la nchi maskini au la mila za Kiafrika. Nchini Marekani, mwaka 1992, kampuni inayotengeneza mwanasesere Barbie iliuza mwanasesere aliyeweza kusema, na miongoni mwa maneno aliyowekewa ni kwamba somo la hesabu ni gumu. Walimu na wazazi wengi walilalamika, na kampuni ikaliondoa neno hilo mwaka huo huo. Hapo kichezeo kilisema kwa sauti, kikasikika, kikasahihishwa. Gunzi letu halikusema kitu. Hiyo ndiyo hatari ya vichezeo vingi: husema bila sauti, na aliye mkubwa hasikii.

Nikiyatazama haya yote kwa pamoja, naona jambo moja. Kichezeo cha mvulana kimebadilika kila kizazi: ng'ombe wa udongo, lori la waya, gari la betri. Kila kilipobadilika kilimwonyesha njia mpya ya kuwa mtu. Kichezeo cha msichana kimebadilika sura tu. Gunzi limekuwa plastiki, ngozi yake imekuwa nyeupe na nywele zake za dhahabu, lakini kazi yake ni ile ile ya kubebwa na kuvishwa; na hata uzuri wa gunzi, ambao mtoto aliutunga mwenyewe kwa kipande cha kanga ya mama yake, umepotea.

Nisieleweke vibaya. Sidharau chungu wala mtoto wa mgongoni. Mke wangu alipolazwa hospitali kwa muda mrefu, niligundua kwamba mimi, mwalimu wa watu, sijui kupika uji usiwe na madonge, wala sijui homa ya mtoto hupimwaje kwa kiganja. Nilikuwa nimenyimwa mchezo wa mafiga, na kunyimwa kwangu kulionekana siku ile. Kosa halimo katika chungu, wala halimo katika lori. Kosa ni kizuizi kilichosimamishwa kati yao, ambacho huwapa watoto wote nusu ya dunia.

Baada ya kuvinunua vile vichezeo nilimtembelea dada yangu. Anaishi kijijini, si mbali na mji. Analima alizeti na kufuga kuku, ambao wafanyabiashara huwachukua kuwapeleka Dar es Salaam. Amelea watoto wake vizuri, na watu humheshimu. Nisingethubutu kumwita mtu aliyeshindwa. Lakini nilikuwa na deni, na baba alikuwa amekwisha fariki bila kujua ukweli. Nilimwambia: "Dada, lile lori lilikuwa lako, na wale ng'ombe wawili pia."

Alicheka kwanza. Kisha akanyamaza, akaendelea kuchambua mbegu. Mwishowe akasema, "Zawadi haikuniuma, mdogo wangu. Hata ng'ombe nilijua baba hakuambiwa. Kilichoniuma ni kwamba ulipoulizwa magurudumu yanageukaje, ulijibu vibaya. Nilikuwa nimesimama pale, jibu ninalo, na hakuna aliyenitazama."

Wajukuu wangu nilikuwa nimekwenda nao. Gari la betri lilikuwa limekwisha kusimama, na mvulana alikuwa akilia. Dada aliomba waya. Alikaa chini kwa shida ya magoti, akawaketisha wote wawili mbele yake, akatengeneza pete mbili, moja ya kuingia ndani ya nyingine. Mjukuu wangu wa kike aliuliza kwa nini asizikaze zaidi zisilegee. Dada alimtazama muda mrefu kabla ya kumjibu. "Ukizikaza hazitageuka," alimwambia. "Shika hapa, ujaribu mwenyewe."

Tunalo taifa ambalo tangu tarehe 19 Machi, 2021, linaongozwa na Rais mwanamke, Samia Suluhu Hassan. Mtoto wa kike wa leo anaweza kumwona kwenye televisheni na kusema, kama wadogo zangu walivyosema chini ya mti, kwamba na yeye anaweza kuongoza. Hilo ni jambo kubwa. Lakini picha moja ya juu haiwezi kushindana na mafungu mawili ya sokoni, yanayorudiwa kila siku mbele ya kila mtoto, ikiwa sisi tulio karibu naye tunayaacha yalivyo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi ambao kesho mtakuwa wazazi, mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mkiandaa maonyesho, msigawe meza kabla ya kuviona vitu. Mkisimulia ushindi wa taifa, simulieni wa Brazzaville pamoja na wa Christchurch. Mkiwa na kazi ya kusuka, wapeni wavulana. Mkiwa na kazi ya waya, wapeni wasichana. Na mtoto anaposimama mbele ya kitu kilichotengenezwa vizuri, msimpongeze upesi. Mwulizeni kinafanyaje kazi, msubiri jibu. Na asipolijua, tazameni upande wa pili wa darasa.